Majaribio kazini hayamnyimi mfanyakazi malipo yake ya mwisho

KATIKA mtaa wa Embulbul, pale barabara itokayo Karen inapoukaribia mji wa Ngong, Kaunti ya Kajiado, kuna maneno matatu yanayotosha kumwondoa mfanyakazi kazini bila senti mfukoni: “Ulikuwa kwenye majaribio.” Huyasema mwenye duka la vifaa vya ujenzi, msimamizi wa shule ya kibinafsi, meneja wa kampuni ndogo ya ulinzi na hata mwenye nyumba anayemwachisha yaya kazi. Anayeambiwa hivyo aghalabu hukusanya virago vyake na kwenda zake, akiamini kwamba kwa kuwa hakuwa amethibitishwa kazini, hana cha kudai.

Imani hiyo imeenea Embulbul, Kitengela, Isinya na kwingineko nchini, nayo ni potofu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008, inamruhusu mwajiri kuachana upesi na mfanyakazi aliye katika majaribio. Haimruhusu kuachana naye bure.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 42 kinasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita, lakini kwa idhini ya mfanyakazi. Mwajiri hawezi kujiongezea peke yake kwa kuandika barua. Jumla yake yote haiwezi kupita miezi 12. Katika muda huo, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa kutoa notisi ya siku zisizopungua saba, au mwajiri akamlipa mfanyakazi ujira wa siku saba badala ya notisi hiyo.

Yafaa kuyasoma maneno hayo ya mwisho kwa makini, kwa maana mlipaji anayetajwa ni mwajiri pekee. Mfanyakazi aliyepata kazi bora kwingine anatakiwa kutoa notisi yake ya siku saba, lakini kifungu hakisemi kwamba akiondoka mapema mshahara wake wote wa mwezi huo unageuka kuwa mali ya mwajiri. Siku alizozifanyia kazi ni zake.

Mfanyakazi aliyethibitishwa na anayelipwa kwa mwezi anastahili, chini ya kifungu cha 35, notisi ya maandishi ya siku 28. Aliye katika majaribio ana siku saba. Tofauti hiyo ya siku 21 ndiyo nafuu ambayo Bunge lilimpa mwajiri ili aweze kumpima mtu bila kujifunga naye. Ni nafuu kubwa, nami sioni ubaya wake: mwenye duka hawezi kumjua keshia kwa kusoma barua yake ya maombi. Tatizo ni kwamba waajiri wengi wameipokea nafuu hiyo kisha wakajiongezea nyingine ambazo hawakupewa na mtu.

Tuchukue mfano wa keshia aliyeajiriwa kwa Sh30,000 kwa mwezi. Amepewa mkataba wa maandishi wa majaribio ya miezi sita, amefanya kazi miezi minne na siku 12, na asubuhi ya siku iliyofuata anaambiwa asirudi tena. Anadai nini?

Kwanza ni mshahara wa zile siku 12 za mwezi wa tano, ambao ukigawanya mwezi kwa siku 30 ni Sh12,000. Hata mtu aliyefutwa kazi kwa kosa kubwa na la haki, kifungu cha 18 kinaagiza alipwe wakati wa kufutwa kila fedha, marupurupu na stahili alizokuwa amekwisha kuzichuma hadi siku hiyo. Ikiwa mwizi wa dukani analipwa siku zake, sembuse keshia ambaye kosa lake ni kuwa mgeni.

Pili ni ujira wa siku saba badala ya notisi, Sh7,000.

Tatu ni likizo, na hapa ndipo wengi hupunjwa bila kujua. Mfanyakazi hupata likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila baada ya miezi 12. Waajiri husema kwamba asiyetimiza mwaka hana likizo. Kifungu cha 28 kinasema vingine: ajira ikikatizwa baada ya mtu kutimiza miezi miwili mfululizo au zaidi, anastahili siku moja na robo tatu ya likizo yenye malipo kwa kila mwezi kamili aliofanya kazi. Keshia wetu ana miezi minne kamili, hivyo ana siku saba. Ukihesabu kwa mwezi wa siku 30 ni Sh7,000 nyingine. Mhasibu anayegawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, kwa kuwa siku za likizo huhesabiwa kwa siku za kazi, atapata zaidi ya Sh8,000. Sheria haikuwatenga walio katika majaribio popote katika kifungu hicho.

Jumla, kabla ya makato ya kodi na mengineyo, ni Sh26,000 kwa uchache. Huo ni karibu mshahara wa mwezi mzima ambao mtu ameuacha nyuma kwa sababu ya maneno matatu. Ikiwa mshahara wake haukujumuisha nyumba, wala hakupewa makao, kuna pia posho ya nyumba inayotajwa katika kifungu cha 31, ambayo haingojei mtu athibitishwe kazini. Na kama alifanya kazi siku yake ya mapumziko ya juma bila kufidiwa, hesabu inaongezeka.

Nne ni karatasi. Mtu yeyote aliyefanya kazi kwa muda usiopungua wiki nne mfululizo anastahili cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51, kinachoonyesha alianza lini, aliacha lini na alifanya kazi gani. Si barua ya sifa. Mwajiri halazimiki kumsifu mtu. Lakini kumnyima cheti hicho kwa makusudi ni kosa la jinai. Kijana anayetoka Embulbul kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Athi River au mashamba ya maua ya Isinya anakihitaji cheti hicho pengine kuliko zile Sh7,000, maana pasipo nacho miezi minne ya maisha yake haina ushahidi.

Kiinua mgongo na vinavyofanana nacho

Mtu anayehariri taarifa za mahakamani kwa miaka mingi hujifunza kuyashuku maneno fulani. Katika mazungumzo ya mitaani, na katika taarifa zinazoletwa mezani mwa wahariri, kila pesa anayolipwa mtu anayeacha kazi huitwa kiinua mgongo. Mkanganyiko huo humwumiza mfanyakazi, kwa sababu hudai kitu asichostahili na kusahau anachostahili.

Kiinua mgongo, kwa maana ya malipo ya utumishi yanayotajwa katika kifungu cha 35, huhesabiwa kwa kila mwaka uliofanyiwa kazi, na hakimhusu mwanachama wa hazina ya NSSF au wa mpango mwingine wa pensheni uliosajiliwa. Aliyefanya kazi miezi minne hana. Kuna pia malipo ya anayepoteza kazi kwa sababu nafasi yake imeondolewa, ambayo chini ya kifungu cha 40 hayapungui ujira wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Hayo nayo hayamfikii. Kisha kuna fidia, ambayo hutolewa na mahakama kwa aliyeachishwa kazi isivyo haki. Hivyo vitatu ni mbali na malipo ya mwisho ambayo keshia wetu anayadai. Malipo ya mwisho ni deni. Hayategemei ikiwa alifukuzwa kwa haki au kwa dhuluma, wala ikiwa alifanya kazi vizuri au vibaya.

Kuhusu NSSF, michango yake haisubiri majaribio yaishe. Chini ya sheria ya 2013, ambayo utekelezaji wa viwango vyake ulicheleweshwa na kesi hadi Februari 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia sita ya mshahara unaotozwa mchango na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Anayekatwa na ambaye fedha zake hazifiki kwenye hazina ameibiwa mara mbili. Akague akaunti yake angali kazini, si siku ya kufukuzwa.

Majaribio yasiyoandikwa

Hadi hapa tumezungumzia mwajiri aliyefuata utaratibu wa kuandika mkataba. Embulbul, kama ilivyo katika miji mingi midogo inayokua kando ya Nairobi, mwajiri wa namna hiyo si wa kawaida. Mtu huajiriwa kwa simu au kwa kupendekezwa na jirani, huambiwa aanze Jumatatu “tukuone kwanza”, na suala la mkataba huishia hapo.

Sheria ina jibu ambalo pengine litamshtua mwajiri huyo. Katika kifungu cha pili, palipofafanuliwa maana za maneno, mkataba wa majaribio ni ule usiozidi miezi 12, ulio katika maandishi, na unaotamka waziwazi kwamba ni wa kipindi cha majaribio. Masharti hayo yote matatu yanahitajika. Mkataba wa mdomo unaweza kuwa mkataba halali wa ajira, lakini hauwezi kuwa mkataba wa majaribio.

Maana yake ni kwamba mtu aliyeajiriwa kwa mdomo na kulipwa kila mwisho wa mwezi, hata kama aliambiwa mbele ya mashahidi kumi kwamba anajaribiwa, yuko chini ya kanuni ya kawaida. Notisi yake ni siku 28. Kwa mshahara ule ule wa Sh30,000, mwajiri aliyeandika mkataba anadaiwa Sh7,000 za notisi, naye ambaye hakuandika anadaiwa Sh28,000. Sh21,000 ndiyo bei ya karatasi moja ambayo mwenye duka alijiepusha nayo akidhani anajilinda.

Wala ukosefu wa karatasi haumpi mwajiri kinga mahakamani. Kifungu cha tisa kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Asipoweza kuutoa katika kesi, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Mfanyakazi mwenye ujumbe wa M-Pesa wa mishahara mitatu na picha akiwa amevaa sare ya duka tayari ana pa kuanzia.

Ukosefu huo unamrudia mwajiri pia katika makato. Keshia akiachishwa kazi, mara nyingi huambiwa kwamba hesabu haikutimia na hivyo malipo yake yamefuta upungufu. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata fedha zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema mahsusi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Pasipo mkataba, kipengele hicho kitapatikana wapi? Hata pale makato yanaporuhusiwa, jumla yake haiwezi kuzidi theluthi mbili za ujira.

Kuna na kundi la vibarua. Embulbul ya leo ni eneo la ujenzi. Hata reli ya kisasa ya Nairobi hadi Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019, imepita hapa. Kibarua anayelipwa kwa siku anaweza kuachwa jioni yoyote bila notisi. Lakini akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, na notisi yake inakuwa ya siku 28. Kumwita “kibarua wa majaribio” mwezi wa nne ni kubuni cheo ambacho sheria haikijui.

Mchezo mwingine ni wa kumwachisha mtu kazi mwezi wa tano, kumpumzisha wiki mbili, kisha kumrudisha kwa majaribio mapya. Kifungu cha 42 kinamkataza mwajiri kumweka mtu chini ya mkataba wa majaribio kwa zaidi ya ule muda wa jumla uliowekwa. Anayezungushwa hivyo kwa miaka miwili hayuko katika majaribio tena, hata barua yake iseme nini. Vivyo hivyo, aliyemaliza mwezi wa sita akaendelea kufungua duka kila asubuhi bila kukubali nyongeza yoyote ana hoja nzito kwamba majaribio yalikwisha.

Je, mwajiri anapaswa kumsikiliza mfanyakazi wa majaribio kabla ya kumpiga kalamu? Hapa sheria imekuwa uwanja wa mabishano. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa lake na kusikilizwa, naye akiwa na mwenzake wa kumsindikiza. Kifungu cha 42 kikasema utaratibu huo hauwahusu walio katika majaribio. Mnamo 2014 Jaji James Rika alishikilia kwamba wafanyakazi wa namna hiyo hawawezi kudai haki hiyo ya utaratibu. Julai 2021, katika kesi iliyowasilishwa na wafanyakazi saba dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walichukua njia nyingine: walisema kuwatenga walio katika majaribio kunakiuka vifungu vya 41 na 47 vya Katiba ya 2010, vinavyohusu haki za wafanyakazi na utendaji wa haki. Anayetaka kudai fidia na amwulize wakili jinsi majaji walivyoushughulikia uamuzi huo tangu hapo. Anayedai siku zake, likizo yake na notisi yake hahitaji kuingia katika mabishano hayo hata kidogo.

Kuna sababu ambazo hata majaribio hayazihalalishi. Kumtoa mwanamke kazini kwa kuwa ni mjamzito ni mojawapo, na kifungu cha 46 kimeitaja kwa jina, pamoja na ubaguzi wa rangi, kabila, dini na ulemavu.

Majirani zetu wamelishughulikia jambo hili kwa njia zao. Uganda, katika sheria yake ya 2006, iliweka majaribio ya miezi sita kama yetu lakini ikataka notisi ya siku 14. Tanzania, katika sheria ya 2004, ilimnyima mfanyakazi asiyetimiza miezi sita haki ya kulalamikia kuachishwa kazi isivyo haki, jambo ambalo ni kali kuliko letu. Hata hivyo, notisi ya siku saba huko ni ya mwezi wa kwanza tu. Baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi hupata siku 28. Kinachovutia zaidi ni kwamba kifungu cha 44 cha sheria hiyo kimekusanya mahali pamoja kila kitu ambacho mwajiri lazima alipe ajira inapokoma: ujira wa kazi iliyofanywa, likizo, notisi, cheti cha utumishi na hata nauli ya kumrudisha mtu alikoajiriwa. Hapa Kenya mambo hayo yametawanyika katika vifungu vya 18, 28, 35, 42 na 51, kwa Kiingereza cha mawakili. Mwuza duka wa Embulbul hayapati, na yaya ndiyo kabisa. Wabunge wakitaka kuirekebisha sheria hii, wangeanza na kifungu kimoja cha namna hiyo kabla ya kubuni adhabu mpya.

Waajiri wadogo wana malalamiko ambayo si ya kupuuzwa. Biashara yenye wafanyakazi wanne haina afisa wa kuandika mikataba, na mauzo ya mwezi mbaya hayangoji sheria. Lakini mkataba unaotakiwa unaweza kuwa ukurasa mmoja: majina, tarehe, kazi, mshahara, na sentensi inayosema kwamba miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Nadhani wengi hawauandiki kwa sababu nyingine, kwamba maandishi humwita NSSF na mtoza kodi.

Mkazi wa Embulbul yu karibu na Nairobi kuliko makao makuu ya kaunti yake mjini Kajiado, jambo linalowafanya wengi wakate tamaa ya kulalamika kabla ya kuanza. Hatua ya kwanza haigharimu nauli: ni barua au ujumbe kwa mwajiri ukiorodhesha siku, likizo, notisi na cheti, na nakala yake ihifadhiwe. Akikaidi, afisa wa leba anaweza kuyapokea malalamiko ya aliyeachishwa kazi, na kifungu cha 47 kinatoa miezi mitatu tangu siku hiyo. Ikibidi kwenda mahakamani, tangazo la Jaji Mkuu la Juni 2018 liliwapa mahakimu wakazi waandamizi na wa vyeo vya juu yao uwezo wa kusikiliza kesi za mikataba ya ajira ambapo mshahara hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa hivyo keshia wa Sh30,000 hana haja ya kuanzia kwa jaji. Muda wa kufungua kesi ya mkataba wa ajira ni miaka mitatu. Aliyeachishwa kazi mwaka juzi na kuambiwa kwamba alikuwa kwenye majaribio bado anaweza kuitafuta tarehe ile na kuanza kuhesabu.